Kwa Nini Kikaratasi cha Dawa Hakiishi Kuandikwa

Fungua boksi la dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari. Pembeni ya vidonge, kimekunjwa na kukunjwa tena, kuna kikaratasi chembamba chenye herufi zilizosongamana kama sisimizi. Wengi wetu hukitupa pamoja na boksi. Anayekisoma hadi kwenye madhara hubaki na swali moja: kama dawa hii inaweza kunifanyia yote haya, nani aliiruhusu itumike? Na anayetumia dawa ileile miaka nenda rudi, akilinganisha kikaratasi cha zamani na kipya, huona jambo linalomtia shaka zaidi. Kidonge ni kilekile, rangi ileile, miligramu zilezile, lakini maonyo yameongezeka.

Hapo uvumi hupata pa kuingilia. "Walijua, wakatuficha." Zimewahi kuwapo kampuni zilizoficha, na sina nia ya kuzitetea. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, hakuna kilichofichwa. Maarifa kuhusu dawa hayapatikani yote kabla ya idhini. Sehemu kubwa hupatikana dawa ikishaingia mikononi mwa watu, kutokana na yale yanayowapata watu hao. Miaka hii, dawa mpya zenye nguvu zinapofuatana kwa kasi, kuelewa jambo hili ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hesabu iliyo nyuma ya neno "nadra"

Maneno ya kwenye kikaratasi yana vipimo. Dhara "la kawaida sana" ni lile linalompata zaidi ya mtu 1 katika kila 10. Dhara "la kawaida" liko kati ya 1 katika 10 na 1 katika 100. Ukishuka unakuta "si la kawaida", hadi 1 katika 1,000. Kisha "nadra", hadi 1 katika 10,000. Na chini ya hapo "nadra sana". Hayakuandikwa kwa kukisia.

Sasa chukua semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Dawa hii huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ile ambayo tukila huliambia kongosho liachie insulini, hulipunguzia tumbo mwendo wa kumimina chakula, na huupa ubongo habari ya shibe. Homoni yenyewe huvunjika ndani ya dakika chache. Semaglutidi imeundwa idumu, ndiyo maana sindano moja hutosha wiki nzima. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari cha aina ya pili, na mwaka 2021 kwa unene uliopita kiasi. Katika jaribio kubwa la unene lililotangazwa mwaka huo walishiriki watu 1,961, na 1,306 kati yao ndio waliopewa dawa. Baada ya wiki 68 walikuwa wamepungua uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15. Wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Mwaka 2023 likaja jaribio la watu 17,604 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo na mishipa, likaonyesha kuwa vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 20. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu.

Haya ni mafanikio makubwa. Lakini rudi kwa wale watu 1,306. Wanatakwimu wana hesabu nyepesi wanayoiita kanuni ya tatu. Ukiwapa watu kadhaa dawa na dhara fulani lisimpate hata mmoja wao, chukua 3 ugawanye kwa idadi yao. Jibu ndilo kikomo cha juu cha hatari unachoweza kukitaja kwa uhakika wa asilimia 95. Tatu kwa 1,306 ni kama 1 kwa 435. Kwa hiyo jaribio hilo lingeweza kumalizika salama salimini, bila kisa hata kimoja, na bado dhara linalompata mtu 1 kati ya 500 likawa limejibanza humo. Dhara la 1 kati ya 10,000 linahitaji watu kama 30,000 ndipo utarajie kuliona walau mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa macho. Juni 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya, EMA, ilihitimisha kuwa semaglutidi inaweza kusababisha neva ya jicho kukosa damu ghafla. Mtu hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, kwa kawaida bila maumivu yoyote. Ni dhara nadra sana, linalokadiriwa kumpata hadi mtumiaji 1 katika 10,000. Jaribio la watu 1,306 halikuwa na macho ya kutosha kulionyesha.

Mtu atauliza: kwa nini basi wasijaribu kwa watu 100,000 kabla ya kuiruhusu dawa? Kwa sababu huku wakisubiri, kuna mgonjwa anayekufa kwa kuikosa. Kati ya hatari ya kuharakisha na hatari ya kuchelewa hakuna kiti cha kukalia kwa amani, na sijui kisa kinacholionyesha hilo vizuri kuliko cha dolutegraviri.

Watoto wanne wa Botswana

Dolutegraviri ni dawa ya kufubaza VVU iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Iliwazidi watangulizi wake karibu kwa kila kitu: kidonge kimoja kwa siku, virusi hushuka haraka, usugu huchelewa kujitokeza, maudhi ni machache. Mwaka 2016 Botswana ilitangulia nchi nyingine za Afrika kuifanya dawa ya kuanzia kwa wagonjwa wote. Kwa bahati njema, tangu mwaka 2014 nchi hiyo ilikuwa na utafiti uitwao Tsepamo, ambao kazi yake ni rahisi kuisimulia na ngumu kuifanya. Katika hospitali kubwa za serikali, kila mtoto anayezaliwa hukaguliwa na mkunga kuanzia utosini hadi unyayoni. Kasoro yoyote huandikwa, pamoja na dawa za VVU alizotumia mama na wakati alipoanza kuzitumia.

Hilo la wakati lilikuwa na uzito wake. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo wa mimba, siku ambazo wanawake wengi hawajajua kama wameshika ujauzito. Mrija usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na kasoro kama ile tunayoiita mgongo wazi. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba mama alitumia dawa akiwa mjamzito. Lazima ijulikane kama dawa ilikuwa mwilini mwake tangu mimba inatungwa.

Mei 2018 watafiti walihesabu. Wanawake waliokuwa tayari wanatumia dolutegraviri wakati wa kutunga mimba walikuwa wamejifungua watoto 426, na wanne kati ya hao walikuwa na kasoro ya mrija huo. Ni karibu asilimia 0.94. Kwa waliotumia dawa nyingine za VVU ilikuwa kama asilimia 0.12. Tofauti ya karibu mara nane.

Tahadhari ilisambaa dunia nzima. WHO na mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa maonyo. Baadhi ya nchi zikaamua kuwa wanaume waendelee na dawa mpya, ila wanawake walio katika umri wa kuzaa wabaki na dawa za zamani, au wathibitishe kwanza kuwa wanatumia uzazi wa mpango. Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakadai wapewe taarifa kamili na waachiwe kuchagua wenyewe, badala ya kunyimwa kwa jumla dawa iliyo bora.

Tazama sasa hesabu inavyokwenda. Wanne kati ya 426 ni wachache mno kutolea hukumu. Angekuwa mtoto mmoja tu badala ya wanne, asilimia ingeshuka hadi robo. Njia pekee ilikuwa kuendelea kuhesabu, na wakunga wakaendelea. Kufikia Julai 2019 watoto walikuwa 1,683, na wenye kasoro ile walikuwa watano. Yaani katika watoto 1,257 walioongezeka, kisa kipya kilikuwa kimoja. Asilimia ilikuwa imeshuka hadi 0.30. Mwezi huohuo WHO ikapendekeza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza kwa watu wote, wakiwamo wajawazito na wanawake wanaoweza kupata mimba. Miaka iliyofuata, idadi ilipozidi kupanda, tofauti kati ya dawa hii na nyingine ikayeyuka.

Je, onyo la 2018 lilikuwa kosa? Kwangu mimi, hapana. Ukiona watoto wanne katika hali ile, hunyamazi. Kosa lilikuwa la waliogeuza onyo kuwa katazo na kuwaondolea wanawake sauti katika jambo la miili yao. Na kuna jambo jingine linalonigusa kila ninaporudi kwenye kisa hiki: daftari lililoipa dawa doa ndilo lililoifuta doa. Bila wakunga wale, tungebaki na uvumi kwamba dawa ya VVU inalemaza watoto, na kusingekuwa na mtu wa kuuthibitisha wala kuukanusha.

Tunajua hali inavyokuwa pasipo daftari. Thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia pia kutuliza kichefuchefu. Hadi inaondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, ilikuwa imeathiri watoto wanaokadiriwa kuzidi 10,000 katika nchi nyingi, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi isiyokamilika. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu mkaguzi mmoja wa mamlaka ya dawa, Dakta Frances Kelsey, alikataa kuipitisha bila ushahidi zaidi. Kutokana na msiba huo, mwaka 1968 WHO ilianzisha mpango wa nchi 10 wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa. Leo nchi zilizomo zimepita 150.

Dawa mbili ndani ya mwili mmoja

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mtu hutumia dawa moja tu. Maisha hayako hivyo.

Ini lina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja kemikali ngeni. Rifampisini, mojawapo ya nguzo za tiba ya kifua kikuu, huliamuru ini litengeneze vimeng'enya hivyo kwa wingi kuliko kawaida. Matokeo yake, dawa nyingine zinazopita njia hiyo huvunjwa kabla hazijamaliza kazi. Vidonge vya uzazi wa mpango hudhoofika. Dolutegraviri hupungua kiasi kwamba anayetumia rifampisini huelekezwa kuimeza mara mbili kwa siku badala ya moja.

Lenakapaviri nayo imo katika mkumbo huo. Hii ndiyo dawa ya kinga dhidi ya VVU inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025 na kupendekezwa na WHO mwezi uliofuata. Katika jaribio lililofanywa Afrika Kusini na Uganda, wanawake na wasichana 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni matokeo ambayo wanasayansi wa VVU walikuwa wameyangoja miongo kadhaa. Dawa huwekwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, ikakaa hapo kama akiba inayotoka kidogokidogo kwa miezi sita.

Fikiria sasa msichana aliyedungwa mwezi wa kwanza, akaugua kifua kikuu mwezi wa tatu, akaanzishiwa rifampisini. Akiba ile itatumika kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Maelekezo ya dawa yanasema anahitaji dozi za nyongeza. Lakini nani atajua? Mhudumu wa kifua kikuu atamuuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Naye, kwa moyo mweupe kabisa, atajibu kwamba hatumii. Nyumbani hana boksi wala kopo. Sindano ilidungwa na kusahaulika. Hapa naona hatari mpya ambayo bado hatujaizungumza vya kutosha: dawa zinazodumu muda mrefu hazionekani. Tumezoea kuita dawa kile tunachokimeza kila siku. Sindano ya miezi sita, kijiti cha uzazi wa mpango, dripu ya mara moja kwa mwaka, vyote ni dawa na vingali vinafanya kazi mwilini siku unayoulizwa.

Kuna na upande wa pili. Kidonge kikikudhuru, unaacha kukimeza na baada ya siku chache kimekwisha mwilini. Lenakapaviri huwezi kuitoa. Mtu akiacha kudungwa, mabaki yake hukaa mwilini kwa mwaka mmoja au zaidi, yakipungua taratibu. Akiambukizwa VVU katika kipindi hicho, kiasi kilichobaki kinaweza kuwa kidogo mno kuzuia virusi na bado kikatosha kuvifundisha usugu. Ndiyo maana kuacha sindano hii kunahitaji mpango, na kupima VVU kabla ya kila dozi si urasimu.

Dawa za kundi la semaglutidi zina lao. Tirzepatidi, iliyokuja mwaka 2022, hulichelewesha tumbo kiasi cha kuzuia vidonge vya uzazi wa mpango visifyonzwe inavyotakiwa. Anayetumia vidonge hivyo huelekezwa aongeze kondomu au abadili njia kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila dozi inapopandishwa. Ukijua kwamba kupungua uzito huweza kumrudishia mwanamke uwezo wa kushika mimba, na kwamba usalama wa dawa hizi kwa ujauzito haujathibitishwa, utaona kwa nini mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa mwongozo mahususi juu ya jambo hili mwaka 2025. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji naye amwambie mtaalamu wa usingizi. Hata kama hajala tangu jana, tumbo linaweza kuwa bado na chakula, na akiwa kwenye nusu kaputi kikapanda na kuingia mapafuni.

Mwingiliano mwingine huchelewa kwa namna isiyofikirika. Folkodini ilikuwa dawa ya kikohozi kwa miongo mingi, wakipewa hadi watoto. Mwishoni mwa mwaka 2022 EMA ilipendekeza iondolewe sokoni, kwa kuwa aliyeitumia wakati wowote ndani ya miezi 12 kabla ya upasuaji alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mzio wa kutishia maisha kutokana na dawa za kulegeza misuli zinazotumika kwenye nusu kaputi. Nani angekumbuka kumtajia daktari wa upasuaji dawa ya kikohozi ya mwaka jana?

Ini lako si la jirani

Dozi iliyoandikwa kwenye boksi imetokana na wastani, na wastani si mtu. Kodeini inalionyesha hilo. Yenyewe haitulizi sana maumivu. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huigeuza sehemu yake kuwa mofini, na mofini ndiyo inayofanya kazi. Baadhi ya watu wamezaliwa bila kimeng'enya kinachofanya kazi, hivyo hawapati nafuu. Wengine wana nakala za ziada za jeni yake, na dozi ya kawaida kwao hugeuka mofini nyingi kwa ghafla. Watoto waliokufa kwa kukosa pumzi baada ya kukatwa mafindofindo na kupewa kodeini ndio waliosababisha Marekani itoe onyo kali mwaka 2013, kisha mwaka 2017 ikaikataza kwa walio chini ya miaka 12. Utafiti mmoja uliofanywa Ethiopia mwaka 1996 ulikuta nakala hizo za ziada kwa karibu watu 3 kati ya 10, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha Ulaya kaskazini. Takwimu nyingi za jeni na dawa zinatokana na watu wenye asili ya Ulaya, na kwa bara lenye tofauti nyingi za jeni kuliko mengine yote, pengo hilo linapaswa kutuuma.

Kosa linapokaa mkononi

Mama yangu mkubwa ana baridi yabisi. Siku moja nilijitolea kumpangia dawa zake katika kikasha cha vyumba saba, Jumatatu hadi Jumapili. Cha presha, kimoja kila chumba. Asidi ya foliki, nikaweka. Vile vidogo vya njano, nikaweka. Nilikuwa nimefika Jumatano, naona nafanya kazi nzuri kabisa, aliposogeza miwani yake na kusema, "Hivyo vya njano ni vya Ijumaa tu, mwanangu. Toa."

Vya njano vilikuwa methotreksati. Kwa baridi yabisi hutumiwa mara moja kwa wiki. Dawa hii huzuia chembe zinazogawanyika haraka zisitumie foliki, na zinazogawanyika haraka zaidi mwilini ni za uboho wa mifupa, mdomo na utumbo. Ikimezwa kila siku kwa kipimo kilekile, huanza na vidonda mdomoni, kisha uboho huacha kutengeneza damu. Watu wamekufa hivyo, katika nchi zenye hospitali nzuri, kwa neno moja lililosomwa vibaya: "kila siku" mahali pa "kila wiki". Mwaka 2019 EMA iliagiza vidonge hivyo vifungwe kwenye karatasi ya bati badala ya kumwagwa kwenye kopo, onyo liwekwe kwenye boksi, na mgonjwa apewe kadi ya kumkumbusha. Mama mkubwa hakuwa na kadi. Alikuwa na Ijumaa kichwani, na sikumuuliza. Nadhani ndilo kosa langu hasa.

Bomba la sindano nalo lina mtego wake. Semaglutidi halisi ya sindano kwa kawaida huja ndani ya kalamu iliyopangwa dozi. Ilipoadimika, ikauzwa pia katika vichupa, mgonjwa akavuta mwenyewe kwa bomba la insulini. Bomba hilo halina alama za miligramu. Lina uniti, na uniti 100 ni mililita 1. Kama kichupa kina miligramu 5 katika kila mililita, dozi ya kuanzia ya miligramu 0.25 ni mililita 0.05, yaani uniti 5: mistari michache tu kutoka chini, kadomo kadogo sana ndani ya bomba. Mtu asiyezoea hutazama, huona hakuna kitu, huvuta hadi 50. Ameshajidunga mara kumi ya dozi, tena ya dawa inayodumu wiki nzima. Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu makosa ya aina hii, yakiwamo ya watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo, na baadhi yao walilazwa hospitali kwa kutapika, kuzimia na kuishiwa maji. Na halikuwa kosa la wagonjwa peke yao. Wapo wahudumu wa afya waliokosea hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo usione haya kusema, "Nionyeshe mstari wenyewe," na kuvuta mbele ya mhudumu mara ya kwanza.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, WHO nayo ilikuwa imetahadharisha juu ya semaglutidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Dhidi ya bandia kikaratasi hakisaidii kitu. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 300, wengi wao chini ya miaka mitano, walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za maji zilizochafuliwa, wakiwamo wa Gambia, Indonesia na Uzbekistan. Ndani yake mlikuwa na dayethileni glaikoli, kemikali ya viwandani yenye utamu, mahali palipotakiwa kuwa na kiyeyushio safi. Kemikali hiyohiyo iliua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937. Inajulikana, inapimika, na bado mwaka 2025 iliua watoto tena nchini India. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo lisilo na udhuru.

Mstari mpya unaandikwaje

Nchi nyingi zina kituo cha kupokea taarifa za madhara ya dawa, kwa kawaida ndani ya mamlaka ya udhibiti. Kutoka huko taarifa hupelekwa Uppsala, Sweden, ambako tangu mwaka 1978 ndiko kitovu cha mpango ule wa WHO. Hazina yao ina taarifa zaidi ya milioni 30. Wachambuzi hutafuta jambo linalojirudia kuliko inavyotarajiwa: dawa moja, dhara moja, watu wasiofahamiana, nchi tofauti. Taarifa moja peke yake haithibitishi chochote. Taarifa 40 zinazofanana humfanya mtu aanze utafiti.

Mgonjwa anaweza kutoa taarifa kupitia mfamasia au daktari, na katika nchi nyingi anaruhusiwa kuituma mwenyewe. Hatakiwi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru, shaka inatosha. Vinavyohitajika kwa uchache ni vinne: mgonjwa, hata kama ni umri na jinsia tu, mtoa taarifa, dawa, na kilichotokea. Kinachoifanya iwe na thamani zaidi ni tarehe ya kuanza dawa, tarehe dhara lilipojitokeza, kilichofuata dawa ilipoachwa, na kila kingine kilichokuwa mwilini wakati huo. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi ndiyo hutenganisha tatizo la dawa na tatizo la shehena moja iliyoharibika, kwa hiyo usitupe boksi kabla dawa haijaisha. Na kama ilikuwa sindano, muulize aliyekudunga akuandikie jina la dawa, namba ya toleo na tarehe kabla hujatoka chumbani.